Fundi wa kompyuta zilizokufa Mwanjelwa: nimempelekea mashine za steshenari, maoni yangu haya

Kama una kompyuta mbovu ndani na uko Mbeya nenda kwa huyu fundi, nasema hivo mwanzoni kabisa mana najua wengine mtasoma mistari miwili mtaondoka. Yuko pande za Mwanjelwa, ukishuka Kabwe ingia kwenye vile vichochoro vya mafundi simu na redio uliza fundi anaenunua kompyuta zilizokufa, utaoneshwa, wanamjua. Nampa nne kwa tano. Hiyo moja niliyobania ina sababu ntazieleza mbele, ila kwa namna alivyoshughulika na mashine zangu sijaona mwingine hapa mjini anaefanya hivo.

Mi nina steshenari huku Iyunga karibu na chuo. Wenye kazi hii mnajua mashine tunazonunua, zile sipiyu (boksi zima la kompyuta) za mtumba za Dell OptiPlex na HP Compaq zilizotumika maofisini Ulaya mpaka wakazichoka, zinakuja huku tunazipiga kazi miaka mingine mitano sita, vumbi la kiangazi linaingia, umeme unaruka, pawa saplai inakufa unabadilisha, ram inagoma unaifuta kwa rababa unairudisha, mpaka siku inafika hata fundi wako anakwambia dada hii iache ipumzike. Unaisukuma stoo. Ya pili unaiweka juu yake. Baada ya muda stoo imejaa na ream za karatasi hazina pa kukaa.

Alafu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wakaacha kuihudumia Windows 10, na Windows 11 haiingii kwenye mashine za zamani kwa njia ya kawaida mana inataka ile chip ya usalama ya TPM 2.0 na kama ni Intel basi prosesa iwe kizazi cha nane kwenda juu. Mashine zenye prosesa za Core 2 Duo na i3 za zamani ndo hazimo kabisa. Kwaiyo steshenari nyingi na maofisi madogo sasaivi yanatoa mashine ambazo zinawaka vizuri tu, na swali la wapi zinaenda ni kubwa kuliko lilivyokuwa.

Kabla sijampata huyu nilikua najua njia moja tu, wale jamaa wa skrepa wanaopita na toroli na mizani. Siwalaumu, wanatafuta riziki kama sisi wote. Ila angalieni wanachonunua. Wananunua uzito. Kesi ya chuma, shaba ya kwenye nyaya na kwenye transfoma, alminiamu ya hitisinki (ile ya kupoza prosesa), basi, kilichobaki hakina bei kwao. Nyaya wanazichoma ili plastiki iondoke ibaki shaba, na zile plastiki za nyaya nyingi ni PVC, ukiichoma kienyeji moshi wake unatoa dioksini, sumu inayokaa kwenye udongo na inayoingia kwenye maziwa ya ng'ombe na mayai ya kuku wanaochakura pale pale. Bodi zinatupwa mtaroni au dampo, mvua za Mbeya mnazijua zikianza Novemba mpaka Aprili huko, maji yanapita juu ya bodi zenye solda ya risasi (lead, ile metali yenye sumu) yanashuka kwenye bustani za mboga. Halafu hadi diski yako (hard disk, pale mafaili yanapokaa) yenye mambo yote ya wateja wako inaenda nayo nzima nzima hivo hivo.

Na hapo kwenye hadi diski ndo sababu ya mimi kuandika yote haya.

Nilivofika na mzigo kwenye bajaji nikijua tutaanza kwa kugombana bei, jamaa hata hakugusa mizani, akaniuliza "Dada, hizi hadi diski unaondoka nazo au tunazifuta hapa hapa ukiwa unaona?" Hilo ndo lilikua swali lake la kwanza. Nikamuuliza we unashauri nini, akasema "Za steshenari mi sizigusi bila mwenyewe kuwepo, mle ndani kuna watu."

Kweli kuna watu. Fikirieni kilichopo kwenye diski moja ya steshenari. Vyeti vya kuzaliwa vilivyoskaniwa, namba za NIDA, fomu za mkopo wa elimu ya juu na vipato vya wazazi, mikataba ya kuuziana viwanja yenye saini na majina ya mashahidi, vyeti vya form four, barua za talaka mtu kaja kuchapiwa saa mbili usiku kwa siri, majibu ya hospitali mtu kaja kutoa kopi. Hakuna aliyeniruhusu kumpa mtu mwingine vitu hivo. Na siku hizi sio uungwana tu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, anaekusanya taarifa za watu anawajibika nazo, na mi naona mwenye steshenari hawezi kusema haimhusu.

Watu wengi wanaamini ukifomati umemaliza. Hujamaliza. Ile fomati ya haraka, na hata kufuta faili ukaenda ukamwaga na lile pipa, kompyuta inachofanya ni kufuta tu orodha inayosema faili liko wapi, lenyewe linabaki pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ni sawa na gesti wafute jina lako kwenye daftari la wageni wakati we mwenyewe bado umelala chumbani. Mtu mwenye programu ya bure ya kurudisha mafaili anakuamsha. Mwaka 2003 watafiti wawili Marekani, Garfinkel na Shelat, walitoa matokeo yao baada ya kununua hadi diski za mtumba 158, zilizokua zinafanya kazi ni 129 na zilizokua zimefutwa sawasawa ni 12 tu, kwenye zingine kulikua na namba za kadi za benki na mambo ya matibabu ya watu. Na hizo ndo aina ya diski zinazopakiwa kwenye makontena yanayokuja huku, na sisi tunaziuza tena na tena.

Jamaa anachofanya, diski nzima anaichomeka kwenye mashine yake ya Linux (mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows) anaiandikia sifuri mwanzo mpaka mwisho. Mara moja inatosha kwa diski hizi za kuzunguka, zile habari za kufuta mara saba mara thelathini ni za zamani hazina haja. Ya GB 160 inakula karibu saa nzima, ya GB 500 andaa subira au nenda sokoni kanunue viazi urudi. Ikiisha anaifungua mbele yako unaona ni sifuri tupu. SSD, zile diski za kisasa zisizozunguka, aliniambia haifutwi kwa njia hiyo mana ndani yake ina akiba ya sehemu ambazo kompyuta haizioni, kwaiyo anatumia amri ya kufuta iliyomo kwenye SSD yenyewe. Niliridhika sana kusikia hivo mana wengi wanaojiita wataalam hilo hawalijui.

Zilizokufa kabisa, ambazo haziwaki kufutwa, anazifungua. Za desktop nyingi sahani zake ni alminiamu, anazikunja kwa koleo. Za laptop hapo mtu awe makini mno, nyingi sahani zake ni kioo, ukizipiga zinapasuka vipande vipande vinaruka machoni, yeye anazifunga kwenye kitambaa kwanza na anavaa miwani. Anabaki na sumaku na kesi ya alminiamu, ndo faida yake pale. Mi nilitaka niondoke na hizo sahani akanipa kwenye mfuko bila maneno.

Nyie wengine mnaopeleka mashine popote pale, hata kama sio kwa huyu, pimeni fundi kwa hilo. Anaeuliza bei kwanza akachukua kesi nzima akaiweka nyuma ya meza, ondoka na mzigo wako.

Baada ya diski ndo anaanza kutenga. Kila sipiyu anaiwasha kwanza. Zinazowaka anazisafisha anaweka SSD ndogo na ram kidogo, na kwa zile ambazo Windows 11 inazikataa anaweka Linux Mint, aina moja ya Linux, anaziuza kwa wanafunzi na kwa vituo vya kuchapia huko Mbalizi na Tukuyu. Nimeiona moja ya kwangu, ile niliyokua nikiiwasha naenda kupika chai kabla haijafunguka, inafunguka upesi tu na LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, iko ndani na mtu anaandika riserchi yake. Mi naona hapa ndo kuna kazi kubwa kuliko zote, mana kompyuta ambayo bado inaandika barua sio taka, na nguvu nyingi na malighafi vilivotumika kwenye kompyuta viliisha siku ile inatengenezwa kiwandani, kwaiyo kila mwaka inaoongezewa ni mwaka ambao nyingine haijahitajika. Kumuuzia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mashine ya bei ya kiatu ikamaliza nae chuo ni jambo la maana sana. Anawaambia pia wazi kwamba hii ni Linux, programu fulani za Windows hazitaingia, hamuuzii mtu akagundua nyumbani.

Zisizowaka anazivua. Ram huku, prosesa huku, pawa saplai anaziacha zikae kwanza kabla hajazifungua mana kapasita zake zinashika umeme hata ukichomoa waya, feni, nyaya anazichuna kwa kisu bila kuchoma, vile vibetri vya saa vya kwenye mazabodi (ile bodi kubwa ya ndani) anavitoa vyote anavigandisha na selotepu ili visigusane, betri za laptop ziko kwenye ndoo ya mchanga peke yake na zile zilizovimba haziguswi na mtoto wala mteja. Mazabodi zinaingia kwenye magunia, na magunia yako ndani juu ya chaga hayanyeshewi.

Niliuliza kwanini usiyeyushe mwenyewe, mana hapa kwetu mambo ya dhahabu kila mtu fundi, Chunya ya machimbo iko hapo juu na vijana wengi wameshashika zebaki kwa mikono yao. Na maneno kwamba kompyuta zina dhahabu ni ya kweli, iko kwenye miguu ya prosesa na kwenye ile mistari ya njano ya ram. Lakini kwenye bodi moja ni sehemu ndogo sana ya gramu. Kwenye tani nzima ya bodi za kompyuta ndo unazungumzia gramu mia mpaka mia mbili na kitu hivi, na tani ni mamia kwa mamia ya mashine. Anaefuata hiyo dhahabu kwa ndoo ya tindikali nyuma ya nyumba anavuta mvuke unaochoma mapafu, anapoteza sehemu kubwa ya hiyo dhahabu, na maji yanayobaki yenye risasi na shaba anayamwaga wapi? Kwenye mtaro unaoshuka kwa jirani. Jamaa akanijibu kwa kifupi tu "Dada mi nina watoto hapa." Wanae wanashinda pale dukani wakitoka shule, kweli.

Bodi anauza kwa mnunuzi anaekusanya kupeleka Dar. Viwanda vya kuzichakata vizuri mpaka mwisho ni vichache duniani, kimojawapo ni cha Umicore kule Hoboken, Ubelgiji, matanuri makubwa yenye mitambo ya kukamata moshi, wanatoa dhahabu, fedha, paladiamu, shaba na mengine. Na mzigo hauvuki mpaka kiholela. Toka tarehe 1 Januari 2025 chini ya Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kusafirisha taka za hatari, taka zote za kielektroniki, za hatari na zisizo za hatari, nchi inayopokea lazima ikubali kwanza kwa maandishi. Huku ndani kuna kanuni za taka za umeme na elektroniki za mwaka 2021 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, anaekusanya na kusafirisha anatakiwa awe na kibali. Nilimuomba fundi anioneshe karatasi ya huyo mnunuzi wake akanionesha kopi. Muombeni na nyie, hakasiriki. Na kama una mzigo mkubwa wa ofisi nzima pitia kwanza NEMC, wale wa serikali wanaosimamia mazingira, ofisi yao ya kanda hii iko hapa hapa Mbeya, waulize nani ana kibali kwa sasa. Kwa walimu wa shule za serikali naongeza neno, mashine za shule hazipelekwi kwa fundi kwa sababu tu zimejaa stoo, mali ya serikali ina utaratibu wake wa kuondolewa, msije mkaingia matatizoni kwa sipiyu iliyokufa.

Nimelishikia bango hili jambo mana ripoti ya dunia ya taka za kielektroniki iliyotoka 2024 inasema mwaka 2022 dunia ilitoa tani milioni 62, zilizokusanywa na kuchakatwa kwa njia rasmi ni asilimia 22.3, na kwa Afrika haifiki hata asilimia 1. Haifiki moja. Yaani karibu zote zinaishia kwa mtu wa toroli, kwenye moto, au stoo kama yangu. Hatuna viwanda hivo vikubwa ila kuchuna waya badala ya kuchoma, kuweka bodi pakavu na kumuuliza mtu kuhusu diski yake hakuhitaji kiwanda, na huyu jamaa anayafanya kwenye chumba ambacho hakizidi kontena dogo.

Sasa ile nyota moja.

Kwanza chogo, zile skrini nene za zamani zenye mgongo, hachukui. Nilikua na skrini moja ya chogo ya zamani, akaikataa palepale. Nilichukia mwanzoni, baadae sababu zake nikazielewa: kioo cha chogo kina risasi nyingi ndani yake, hana wa kumpelekea, na wanaozitaka wanataka ile shaba ya shingoni tu, wakishaikata kioo wanakipasua wanakiacha njiani. Anasema bora nisichukue kuliko nichukue nikaitupe. Nakubaliana nae lakini huduma ni huduma, mteja anabaki na tatizo lake. Alichonishauri ni niiweke pakavu isipigwe wala isifunguliwe mana hata ikiwa imezimwa inaweza kuwa na umeme mkali ndani, ndo ilivo mpaka leo. Skrini flat za zamani anachukua ila nazo anazifungua kwa uangalifu mana zile za kabla ya LED zina vitaa vyembamba vyenye zebaki.

Pili printa na katriji za toner hataki kuziona. Kwa sisi wa steshenari hilo ni pengo kubwa sana, toner ndo taka yetu ya kila wiki. Naomba alifanyie kazi.

Tatu bei. Ni ndogo, tusidanganyane. Sipiyu inayowaka alinipa sh. 25,000, isiyowaka sh. 8,000, laptop iliyokufa yenye skrini nzima sh. 30,000. Mtu wa skrepa kwa sipiyu tupu angeweza kukaribia hapo, na kuna mafundi mjini wangenipa zaidi kwa zile zinazowaka. Ila hao hakuna aliyeniuliza habari ya diski. Mi nachukua hiyo bei, kwa anaetegemea hela ya ada hapo ajue mapema.

Nne risiti zake. Anaandika kwenye daftari la kopi, jina la mashine, seriali namba, na neno "imefutwa" au "diski amechukua mwenyewe", anasaini. Kwangu inatosha. Kwa taasisi kama zahanati au SACCOS haitoshi, wanahitaji cheti rasmi cha kuharibu data, na hicho hana.

Na kusubiri. Yuko peke yake na kijana mmoja, wakati mwingine kijana ndo yupo na kijana hafuti diski mpaka bosi awepo, ambalo ni jambo zuri ila unaweza kupoteza safari. Alafu haji kuchukua mzigo, bajaji ni juu yako.

Ndugu zangu wa Iringa, Mafinga na Makambako mnaoniuliza kama inafaa kumtumia kwa basi, kwa sipiyu moja mbili nauli ya mzigo itakula hela yote, kusanyeni ofisi tatu nne mlete pamoja, na diski zitoeni nyinyi kabla mzigo haujapakiwa. Ni skrubu nne na nyaya mbili, hata kama hujawahi kufungua kompyuta utaweza. Laptop geuza chini, nyingi za zamani zina kifuniko kidogo cha diski peke yake.

Mkija njooni asubuhi siku za kazi, Jumapili hafungui. Mje na chaja za laptop mana bila chaja anaihesabu kama haiwaki, na paswedi za BIOS (ile inayoombwa kabla Windows haijafunguka) kama mliweka. Na kama kuna mtu Mbeya, Songwe au Njombe anamjua mkusanyaji mwenye kibali anaepokea chogo na katriji za toner naomba aandike hapa chini anapatikana wapi, nina mzigo na sio mimi peke yangu.